Picha za Pate zirudi Pate

Anayetoka Lamu kwenda mji wa Pate kwa kawaida hashuki Pate. Bahari iliyo mbele ya mji huo ni ya kina kifupi, na maji yakipwa hubaki tope tupu. Kwa hivyo boti huvizia maji yajae, ikapita mkondo mwembamba wa Mkanda kati ya kisiwa cha Manda na bara, ikavuka hadi Mtangawanda, kusini-magharibi mwa kisiwa, penye gati na mikoko. Hapo abiria wa Pate hushuka na magunia yao ya unga, mitungi ya gesi na mabati, na wa Faza na Kizingitini wakaendelea na safari yao. Kutoka gatini hadi mji wa Pate ni mwendo wa kama saa moja kwa miguu, na asiyetaka kutembea siku hizi hupanda bodaboda.

Gati hili ndilo ningependa liwe mwanzo wa safari ambayo kisiwa hiki kinaistahili: ziara ya kupiga picha majengo ya kale, mtu akijiongoza mwenyewe, akiwa na kamera au simu tu, kuanzia Mtangawanda hadi Pate, kisha Siyu, Shanga na Faza. Naitetea ziara hiyo bila kusita. Lakini naitetea kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu: picha zitakazopigwa zirudi kisiwani, zihifadhiwe kisiwani, na wa kwanza kuwa na nakala zake wawe watu wa kisiwa.

Pate ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya funguvisiwa la Lamu, na historia yake haipungui ya mji wowote wa pwani hii. Hata hivyo wageni wengi huishia Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na marufuku ya kutoka usiku iliyofuata, hata Lamu yenyewe ilipoteza wageni, sembuse Pate. Sasa watu wanarudi kidogo kidogo, na wengi ninaowaona wakija ni Wakenya wenzetu, vijana wenye simu ambazo kamera zake miaka 20 iliyopita zingegharimu fedha za kununulia mashua. Hawa ndio ninaowaandikia kwanza.

Ubora wa kujiongoza ni kwamba unatembea kwa saa za mahali penyewe. Maji ndiyo yanayopanga safari ya Pate, na baada ya maji ni jua. Jua la saa sita halisaidii kitu kwenye ukuta wa matumbawe. Kila kitu huwa cheupe na bapa. Jua la saa moja asubuhi likiupiga ukuta ubavuni, unaona alama ya mwiko wa fundi aliyekufa karne mbili zilizopita. Anayekwenda na kundi huambiwa tuharakishe, boti inaondoka. Anayekwenda mwenyewe hulala Pate, akaamka na adhana, akawa amesimama mbele ya ukuta wakati mwanga unafika.

Njia ya kutoka Mtangawanda hupita vichakani na kwenye tope la pwani, kisha mashamba yanaanza. Hapo ndipo mgeni hushangaa, maana mashamba ya Pate yamo ndani ya mji. Mji wa leo, wenye vichochoro vyembamba na nyumba za mawe zilizobanana, ni sehemu tu ya Pate ya zamani. Eneo kubwa lililobaki ni magofu, na ndani ya magofu hayo watu wamelima tumbako kwa miaka mingi. Majani mapana yamestawi mahali palipokuwa sebule ya mtu, na ukuta wa nyumba ya tajiri fulani umekuwa mpaka wa shamba la mjukuu wa jirani yake. Wapigaji picha wengi huinua kamera ili tumbako isionekane, wakitaka gofu peke yake likiwa na mawingu nyuma. Mimi nasema tumbako iwemo. Ndiyo inayomfanya mkulima apite mbele ya kuta hizo kila siku, azijue, na awe wa kwanza kugundua kipande kilichoanguka usiku.

Simama mbele ya ukuta mmoja wa hapo bila haraka. Chini kuna mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Juu kidogo kuna lipu, imebanduka hapa na pale. Juu zaidi kuna mstari wa matundu yaliyopangwa sawasawa. Humo zilikaa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya ghorofa. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, kwa sababu mti wa mkoko haustahimili dari nzito ya mawe na chokaa ukipita mita 3 hivi, na ndiyo maana nyumba za kale za Pate, Siyu na Lamu zina vyumba virefu na vyembamba. Ukibahatika kufika chumba cha ndani kabisa na ukuta wake bado umesimama, utakuta zidaka, vishubaka vilivyojengwa kwa lipu ya nakshi, safu juu ya safu, ambamo vyombo vya kaure kutoka China viliwekwa kupamba nyumba ya bibi harusi na heshima ya ukoo wake.

Hapa ndipo simu nyingi hukosea. Mtu husogea mpaka karibu, akachagua kidaka kimoja chenye kivuli kizuri, akapiga, akaridhika. Picha hiyo itapendwa mtandaoni, lakini haitamwambia fundi wa kesho kidaka hicho kilikuwa ukuta gani, cha safu ya ngapi, na jirani zake walikuwa na nakshi ya namna gani. Apigaye picha kwa faida ya Pate aanze na ukuta mzima, kona hadi kona, na kando yake asimamishe fimbo yenye urefu unaojulikana. Kisha asogee apige nusu ya ukuta, na mwisho ndipo aikaribie nakshi. Aandike tarehe, jina la mtaa au shamba kama wenyeji wanavyoliita, na upande ambao ukuta unatazama. Kazi hiyo haimchukui dakika kumi, na ikirudiwa kila mwaka kutoka mahali palepale inakuwa kumbukumbu ambayo hakuna ofisi iliyonayo.

Magofu haya yana waangaliaji wa zamani. Pate ilikuwa mji wa watawala wa ukoo wa Wanabahani, na katika karne ya 18 ilikuwa kitovu cha ufundi na ushairi wa pwani ya kaskazini. Hapo ndipo mshairi Bwana Mwengo alipotunga Utendi wa Tambuka, mwaka 1728. Baadaye mji ulijichosha kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na yapata mwaka 1812, katika vita vya Shela, Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu vibaya sana. Lamu ikamwita Seyyid Said wa Omani aje ailinde, na Pate haikuinuka tena. Yapata wakati huohuo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiwa ameyatazama majumba ya Pate yaliyokwisha kuachwa. Kwa hiyo anayesimama leo na kamera mbele ya zidaka tupu anashika nafasi katika mstari mrefu, na waliomtangulia walitazama kwa makini sana. Hiyo ni sababu nyingine ya kutofanya kazi hii kwa pupa.

Sasa nije kwenye deni. Nilichoulizwa na mzee mmoja wa Pate, tukiwa tumekaa barazani baada ya swala ya alasiri, sijapata kukisahau. "Mwatupiga picha, bwana," alisema. "Kisha mwazipeleka wapi?" Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu, na haki ya kujua anayo. Wageni wamepiga picha mlango wa nyumba ya babake, msikiti alimojifunzia Qurani, na yeye mwenyewe akiwa kijana. Hana hata moja.

Swali lake ni kubwa kuliko picha. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, iliyokuwa ikipulizwa kwenye sherehe za watawala, iko katika Makumbusho ya Lamu, na nashukuru kwamba haikuvuka bahari, lakini mtoto wa Pate akitaka kuiona anapanda boti Mtangawanda. Habari za Pate, tarikhi ya watawala wa Kinabahani, C. H. Stigand alizichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913 baada ya kusimuliwa na Mnabahani aliyejulikana kama Bwana Kitini. Michoro ya majengo ya kale ya pwani aliyoichora Peter Garlake ilitoka kitabuni mwaka 1966. Ripoti ya uchimbaji wa Shanga ilitoka mwaka 1996, kitabu kinene ambacho shule ya kisiwani haiwezi kukinunua. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yalifunguliwa Illinois, Marekani, kisha mwaka 2018 yakahamia Washington na baadaye Los Angeles, yakiwa na vitu vilivyoazimwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Siwalaumu waliofanya kazi hizo. Bila wao tungejua machache sana. Lakini ukizihesabu zote pamoja unaona mwelekeo wa maji: maarifa ya Pate yanatoka Pate, na hayarudi.

Ziara ya picha ikiachwa iende ilivyozoeleka itaongeza mkondo huohuo. Picha maelfu zitatoka kisiwani kila kaskazi zikiwa ndani ya simu za watu, zitaonekana siku mbili kwenye mitandao, kisha zitapotea simu zitakapoibiwa au kubadilishwa. Huo ni ubadhirifu, na unaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo.

Siyu iko kilomita zipatazo 8 kutoka Pate. Ngome yake imesimama ukingoni mwa hori la mikoko, na hakuna jengo kisiwani lililopigwa picha zaidi yake. Nitaipitia upesi kwa sababu hiyo, ingawa hadithi yake ni ya kujivunia. Chini ya mtawala wake Bwana Mataka, Siyu ilikataa kutawaliwa kutoka Zanzibar, na katikati ya miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said lilishindwa hapa, na amiri wake, Hamad, akauawa. Kaburi lake liko Faza. Mji haukushikwa kikamilifu mpaka mwaka 1863, wakati wa Sultani Majid. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi unaojulikana pwani nzima mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka. Ninachomwomba mpiga picha wa Siyu ni kwamba akimaliza ngome ageuke aingie mjini. Mji huu ulikuwa wa wanavyuoni na mafundi: waandishi wa misahafu kwa mkono yenye mapambo ya rangi, wachongaji wa milango na viti, wafanya kazi wa ngozi. Misahafu mingi ya Siyu imetawanyika katika makumbusho na mikusanyo ya mbali. Lakini makaburi yenye maandishi, milango, na nyumba ambazo kazi hizo zilifanyiwa bado zipo kwa kiasi, na hazina mlinzi wala kibao.

Kutoka Siyu unakwenda Shanga, karibu saa nyingine ya mguu, na hapa nataka tukae.

Shanga haina ukuu wa kuonekana kwa mbali. Ni vichaka, mibuyu, na kuta zinazochomoza kwenye majani. Mji ulikuwa na ukuta wenye malango 5, misikiti 3, nyumba za mawe zipatazo 130, na nje ya ukuta makaburi ya mawe 340 hivi. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba hapa katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa walikuta msakafu wa msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, na mwingine, mpaka wakafika kwenye alama za nguzo za miti za kijisikiti kidogo cha karne ya 8. Yaani ndani ya karne mbili tangu Hijra, watu walikuwa wanasali hapa, katika jengo la miti na udongo kama nyumba zao wenyewe, na kila kizazi kilipojenga upya kilijenga juu ya pale wazee wao waliposujudu. Mawe yalikuja baadaye. Mji ulihamwa yapata mwaka 1425.

Uchimbaji huo ulibadilisha maelezo ya pwani nzima. Kwa miongo mingi vitabu vilisema miji yetu ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, wakaja na dini na mawe tayari. Shanga ilionyesha mji ulioanza na vyungu vya hapahapa na nyumba za udongo, ukakua taratibu, ukapokea Uislamu mapema, ukafanya biashara, kisha ukajenga kwa matumbawe. Na ushahidi wenyewe haukuwa dhahabu. Ulikuwa rangi ya udongo, tundu la nguzo, na vigae vya vyungu vilivyokaa mahali pake, kipi juu ya kipi.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kwa anayezunguka Shanga peke yake: kigae kipigwe picha palepale kilipo, na kibaki palepale. Vipo vingi vinavyokanyagwa, vya kaure ya kijani ya China, vya rangi ya samawati, na vyekundu vya kienyeji vyenye mistari ya kukwaruzwa. Mkono unatamani kuokota. Kigae kikishaingia mfukoni hakielezi chochote tena. Kimetengwa na ardhi iliyokipa umri, na hata ukikirudisha kesho huwezi kukirudishia mahali pake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa vitu hivi bila kibali, lakini sheria haina askari Shanga. Mlinzi aliyepo ni adabu ya anayepita.

Kuna hadithi moja inayovuta kamera nyingi huku, nayo ni ya China. Wenyeji wa Siyu na Pate husimulia mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo karibu na kisiwa wakaoa na kubaki, na watu wengi huihusisha na misafara ya amiri wa Kichina Zheng He ya 1405 hadi 1433. Kuanzia 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking walifanya uchimbaji pwani pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2013 timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams ilipata Manda sarafu ya mfalme Yongle, aliyezituma merikebu hizo. Ni mambo ya kusisimua. Lakini nimeona wapigaji picha wakifika kisiwani, wakatafuta nyuso zinazofanana na za Wachina, wakaondoka bila kufika kwenye msikiti wa Shanga ambao ni mkongwe kuliko safari ya Zheng He kwa zaidi ya miaka 600. Hilo linaniuma. Mtu wa Siyu si kielelezo cha hadithi ya mtu mwingine, na uso wake hauhitaji kulinganishwa na chochote ili uwe na thamani.

Faza, kaskazini, ilichomwa na Wareno mwaka 1587 kwa kosa la kumuunga mkono Mturuki Mirale Bey; wakaua watu na kukata hata mitende. Mabaki ya msikiti wa Kunjanja yako karibu na hori. Atakayekuwa na muda afike.

Watu husema kamera ni kitu cha watalii. Lakini pwani ya Lamu ina wapigaji picha wake. Omar Said Bakor alifungua studio mjini Lamu katika miaka ya 1960, akajifundisha mwenyewe, na picha zake za kuunganisha, uso ndani ya ua au mtu ndani ya chupa, zilining'inia katika nyumba nyingi za visiwa hivi. Alijua watu wake wanataka waonekane vipi, na pia alijua nani hataki kuonekana. Jambo la pili hilo mgeni ajifunze kabla ya kushuka gatini. Wanawake wengi wa Pate hawapendi picha zao zizunguke mikononi mwa watu wasiowajua, na sababu zao ni za dini na za heshima. Asiulizwe mtoto kwa niaba ya mamake. Piga hodi, toa salamu, ngoja uitikiwe, sema unataka kupiga ukuta na si watu, na ukiambiwa hapana usiombe mara ya pili. Ukuta wa nyumba ya mtu ni sehemu ya sitara yake hata kama umebomoka nusu.

Wapo watakaoniambia kwamba kutangaza njia hii ni kuwaita wezi. Hoja hii naichukulia kwa uzito. Nakshi za lipu na milango ya Pate zimewahi kung'olewa zikauzwa, na gofu likishajulikana huvuta pia watu wanaotafuta mawe ya kujengea. Lakini wezi wa vitu hivi hawakungoja matangazo. Walijua njia muda mrefu kabla ya intaneti. Kinachomzuia mwizi ni ushahidi kwamba kitu kilikuwepo. Mlango usio na picha ukitokea katika duka la vitu vya kale Ulaya, hakuna anayeweza kusema ni wa nyumba gani. Wenye picha ya tarehe fulani, ukiwa ukutani pake, una kesi.

Wengine watauliza vijana wanaoishi kwa kuongoza wageni watakula nini mtu akijiongoza. Jibu langu ni kwamba mtu anayelala Pate siku mbili akipiga picha huacha pesa nyingi zaidi kuliko kundi linaloshuka asubuhi na kupanda boti alasiri. Atalala nyumbani kwa mtu, atakula wali na samaki wa mtu, atapanda bodaboda ya mtu kwenda Siyu. Na akiwa na akili, baada ya kuzunguka mwenyewe siku ya kwanza atamtafuta kijana wa kumweleza alichokiona.

Umuhimu wa picha za aina hii hauhitaji kubuniwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo hilo lilikuwa limepigwa picha tangu karne ya 19, kwa hiyo anayelijenga upya ana pa kutazama. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua Aprili 2019, vipimo alivyochukua Andrew Tallon kwa mionzi ya leza miaka ya nyuma viliwasaidia mafundi. Ukuta wa shambani Pate ukianguka usiku wa mvua, tutatazama nini? Na mabadiliko yanakuja kwa kasi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, ng'ambo tu ya maji. Barabara, watu na saruji vitafuata, na nyumba za chokaa hubomolewa kwanza na wenye nia njema wanaotaka tofali.

Kinachotakiwa ni kidogo. Pale Mtangawanda, kwenye kivuli cha gati, pawekwe ubao mmoja: ramani ya kisiwa, njia za miguu, nyakati za maji, na sehemu kama 20 zilizochaguliwa na wazee na walimu wa Pate, Siyu na Faza, kila moja na picha ndogo inayoonyesha mahali pa kusimama. Kila sehemu iwekewe jiwe lenye namba ardhini, ili picha ya mwaka huu na ya mwaka ujao zipigwe kutoka hatua ileile. Kwenye ubao huohuo paandikwe masharti ya adabu na namba ya simu ya kupokelea picha. Serikali ya Kaunti ya Lamu inaweza kugharimia ubao. Makumbusho ya Taifa, ambayo tayari yana ofisi Lamu na yanatunza ngome ya Siyu, yanaweza kuhakikisha namba za mawe haziwaelekezi watu mahali penye vitu vya kuokotwa.

Na picha zichapishwe kwenye karatasi. Nalisema hili nikijua vijana watanicheka. Faili lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya Nairobi mzee wangu wa barazani hataliona, na simu ya mwalimu ikifa na kumbukumbu inakufa nayo. Albamu nene, yenye karatasi zisizoliwa na unyevu upesi, nakala moja shule ya Pate, moja Siyu, moja Faza na moja Makumbusho ya Lamu. Chini ya kila picha: namba ya jiwe, tarehe, jina la mahali kama linavyotamkwa hapo, jina la aliyepiga, na nafasi tupu ya mistari mitano ili mwenyeji aandike anachokijua juu ya nyumba hiyo. Nafasi hiyo tupu ndiyo nitakayoisoma kwanza.

Kazi ianze na kuta za mashambani Pate, kabla ya ngome na kabla ya Shanga, kwa kuwa hizo hazina mwenyewe wa kisheria anayezihesabu. Masika huanza Aprili. Picha za kwanza zipigwe Machi, wakati majani ya tumbako hayajaziba njia na jua la asubuhi bado ni kali. Za pili zipigwe Juni, mvua ikishapungua, kutoka mawe yaleyale, na wanafunzi wa shule ya Pate wapewe kazi ya kuzilinganisha na kuandika kilichopungua.